Ireri Hayupo Hapa

Mimi Igoki nilikuwa nimeapa sitalitamka jina Adrian. Ng'o! Mjukuu wangu alikuwa Ireri, jina la marehemu mume wangu, kama desturi yetu Waembu. Nilimwita "mume wangu" mbele ya watu, wakacheka. Hilo la Adrian ni la mamake, Beverlyne, msichana wa Nkubu anayeogopa viini vya magonjwa kuliko shetani.

Shamba letu linateremka hadi mtoni, na pale penye kina kuna kitu kinachoita watu. Kinaita jina kililolipata kwa mtu aliyezama, na ukiitika, miguu inakupeleka. Ndivyo kilivyomchukua mume wangu. Alizama akilia, "Igoki! Igoki!"

Zamani kila boma lilikuwa na mama mwenye mate. Akimtemea mtoto masikioni asubuhi, mtoto hasikii mto. Mama hao wamekwisha, maji sasa ni ya mfereji, na kanisani wanasema ni ushirikina. Nimebaki mimi peke yangu, na mate yangu hayashiki kama zamani.

Jumamosi Beverlyne alinikuta nikimtemea mtoto.

"Mama, jamani! Corona haikutufunza kitu?" Akampangusa masikio kwa sanitaiza.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia kwa hasira. Akacheka, akaenda dukani.

Nilikuwa nachambua maharagwe uani mto ulipoita. "Ireri." Sauti ilikuwa ya marehemu mume wangu kabisa.

"Eeh!" mtoto akaitika, akaangusha hindi lake, akashika njia ya mtoni.

Woi! Nilimkimbilia nikamkamata. Nilitaka kumtemea, lakini kwa hofu kinywa kilikuwa kikavu, hata tone hakuna. Akachomoka, nikabaki na sweta mkononi.

"Ireri! Rudi! Ireri!"

Kila nilipoita, mto uliita pamoja nami, na yeye akazidi kwenda. Maji yalikuwa yamemfika magotini. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nausaidia.

"Adrian!" nikapiga kelele. "Adrian, njoo kwa cucu, njoo kwa nyanya yako!"

Akasimama. Akageuka, akanitazama kama mtu aliyeamka, akaja akilia. Nilimbeba kifuani, nikayaambia maji, "Ireri hayupo hapa. Mlishamchukua." Nililia kuliko siku ya matanga, kwa maana sasa nilikuwa nimemzika kweli.

Beverlyne amefurahi sana kusikia namwita Adrian. Anasema mama mkwe wake hatimaye ameokoka. Mto hauiti Ireri tena, na mtoto hucheza uani bila hata kugeuza shingo.

Lakini jana nikikatia ng'ombe majani, nilisikia. "Igoki." Nilijaribu kujipaka mate masikioni, lakini mtu hajitemei mwenyewe, na mwenye mate mwingine hayuko. Nimefunga kitambaa masikioni, naimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa, na bado nasikia. Naogopa, jamani. Ni sauti ya mume wangu, na mimi nataka kuitika.