Mkono wa Mama Danbi

Bibi yake Danbi alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza kwa nini mtoto hasemi. "Baba yake naye alichelewa hivyo hivyo. Leo ni mhandisi." Basi, mazungumzo yakafa papo hapo.

Miryeong, mama wa mtoto, hakubishana na mama mkwe wake. Lakini yeye ndiye aliyeshinda na Danbi. Alimwona akipanga vifuniko vya chupa sakafuni tangu asubuhi, akiitwa asigeuke, akijigonga kichwa ukutani kila mashine ya kufulia iliponguruma. Daktari hakumficha: mtoto ana usonji, na miaka hii ya mwanzo ikipita hairudi. Mumewe aliposikia, aliinamisha kichwa. "Tusimwambie Mama kwanza," akasema.

Katika mtaa wao wa maghorofa, jijini Daegu, juu ya duka la mboga, palikuwa na kituo kidogo cha watoto wa namna hiyo. Miryeong alimwambia mama mkwe kwamba anampeleka Danbi kwenye darasa la muziki, akawa anapanda kwa ngazi za nyuma, penye maboksi ya kabichi. Humo ngazini ndimo alimozoeana na Mama Hojin, jirani wa jengo la pili, ambaye mwanawe pia alikuwa amechelewa kusema.

"Dada, leo mmechelewa," Mama Hojin alikuwa akimtania. "Mwanamuziki wetu alikuwa na tamasha?"

Mwalimu wa kituo, Bi Gu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa chini sakafuni na Danbi, akapuliza mapovu ya sabuni, kisha akakifunika kikopo na kunyamaza. Danbi alilia, akajitupa chini. Miryeong akanyoosha mkono akifunue.

"Mwache," mwalimu akamzuia. "Nyumbani unampa kabla hajataka. Sasa ana haja gani ya kuomba?"

Walingoja hivyo majira yote ya joto. Majani ya miti ya mtaani yalipoanza kugeuka manjano, Danbi alimshika mwalimu mkono, akamtazama machoni, akasema, "Tena." Neno moja. Miryeong alitoka hadi ngazini, akajiziba mdomo kwa skafu na kulia. Mama Hojin akamkumbatia.

"Lia tu, dada. Wangu aliponiita mama, mimi nilitapika."

Kabla ya baridi kuingia, wakazi waliitwa mkutanoni kuamua hatima ya kituo. Bi Noh, mwenyekiti wao, alikuwa mama wa sauti laini. "Mimi sina chuki na watoto wale, masikini," alisema. "Lakini mtu akija kuangalia nyumba, akasikia zile kelele, atanunua? Sote jasho letu limo humu."

"Wapelekwe shamba," mwanamume mmoja akadakia. "Huko kuna hewa safi." Watu wakacheka.

Mama Hojin akasimama. Akaitia mikono mifukoni. "Hojin wangu ni mmoja wao. Mnamjua, mnampa peremende kwenye lifti. Na si wangu peke yake. Humu ndani wamo wazazi wengine." Akamtazama Miryeong, akangoja.

Miryeong alikuwa amekaa kati ya mumewe na mama mkwe. Mumewe alikuwa akiangalia viatu vyake. Mama mkwe akamnong'oneza, "Masikini. Sijui ukoo wao una nini. Afadhali wetu."

"Wanaotaka kituo kihame wanyooshe mikono," akasema Bi Noh.

Mikono ikapanda kama mabua. Wa mama mkwe ulipanda, wa mumewe ukafuata. Wa Miryeong nao ukapanda. Hakuna aliyemshika kiwiko kuuinua. Mwalimu Gu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliwainamia wote kwa adabu kabla ya kutoka, akamwinamia Miryeong pia, sawasawa na wengine. Mama Hojin alipita bila kumtupia jicho.

Kituo kilihamia mji wa jirani. Mama Hojin na mumewe wakauza nyumba kwa hasara, wakakifuata. Danbi aliendelea kumvuta mama yake hadi ngazi za nyuma, akiugonga mlango uliofungwa, mpaka akachoka. Lile neno lake likafifia, likatoweka. Badala yake akaanza kujing'ata mkono.

Siku moja, baridi ilipokwisha, Danbi alishtuka ndani ya lifti, akapiga mayowe na kujigonga kwenye kioo. Bi Noh alikuwamo. "Kumbe na nyinyi mnaye," alisema taratibu, akashuka kabla ya ghorofa yake. Jioni ile jengo zima lilijua.

Mama mkwe alijifungia chumbani. Alipotoka kesho yake, macho yalikuwa mekundu. Miryeong akapiga magoti kungoja matusi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mama."

"Na mimi mkaniweka pale nimfukuze mjukuu wangu kwa mkono wangu mwenyewe." Hakupaza sauti. "Ungenieleza, ningesimama na yule mwanamke. Ningempasua Noh mbele ya watu. Uliniona mimi ni nani, mwanangu?"

Kwa zaidi ya mwaka Miryeong alikuwa amemwogopa mtu ambaye hakuwapo.

Alimpigia simu Mwalimu Gu kumwombea Danbi nafasi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, hakumsuta. Nafasi zilikuwa zimejaa hadi mwaka uliofuata, na wakati huo Danbi atakuwa amevuka umri wa wale wanaopokelewa. "Pole, Mama Danbi," alisema. "Najua unachoniuliza. Nafasi ndiyo sina."

Ilibaki namba moja. Mama Hojin alipokea, Miryeong akajitaja. Miryeong alianza kuomba radhi, maneno yakagongana. Upande wa pili, nyuma kidogo, akasikia sauti ya mtoto, nyembamba lakini yenye maneno matatu kamili: "Mama, ni nani?"

"Si mtu," Mama Hojin akamjibu mwanawe. "Jirani wa zamani tu." Na simu ikakatwa.