Tangi la Syokau

Syokau alilipenda tangi lake kuliko alivyompenda mkaza mwanawe, na Mwongeli alilijua hilo tangu alipoolewa Kanyangi. Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, limebanwa kwenye ukuta wa sebule ili wezi wa maji wasipate pa kupitisha mkono. Chini lilikuwa na ufa. Lilivuja kidogo kidogo, na ukuta ukanywa.

Ndani, ukuta huo ulifunikwa pazia jeupe la lesi, kama ilivyo kwa wenye nyumba wanaojiheshimu. Chini yake palikuwa na kochi, na kwenye kochi ndipo alipolala Kanini, binti wa Mwongeli, aliyekohoa tangu mvua za Novemba. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya kuvuta kifuani, akauliza kama nyumba ina kuvu. Mwongeli akasema hapana. Nani Ukambani huogopa unyevu?

Siku aliyovuta kochi ili afagie, harufu ilimpiga usoni. Akainua pazia. Ukuta ulikuwa mweusi, umeota manyoya. Akamwendea mama mkwe wake.

"Mwaitu, hii tangi itolewe maji, ufa uzibwe. Mtoto anavuta hiyo takataka usiku wote!"

"Maji haijawahi kuua mtu hapa," Syokau alimjibu. "Kiu ndiyo inaua. Umezaa mtoto mgonjwa, sasa unalaumu tangi yangu? Na hiyo pazia usiguse. Kesho akina mama wa kanisa wanakuja kumwombea."

Wakaja kweli. Wakaimba, wakapiga makofi, wakaliegemea pazia. Kanini akaanza kuhema kwa shida, kifua kikilia, mbavu zikavutika ndani, midomo ikabadilika rangi. Wao wakazidi kupandisha sauti.

Mwongeli alimnyakua mtoto, akamtoa uani penye hewa, akampulizia dawa mpaka pumzi ikarudi. Akamkabidhi kwa Mama Nzisa, mmoja wa waombaji aliyemfuata nje. Kisha akarudi ndani, akalishika pazia kwa mikono miwili na kulivuta mpaka misumari ikang'oka.

Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja akaziba pua.

"Umenivua nguo mbele ya watu!" Syokau alifoka.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini Mwongeli hakuwa na muda wa methali. Alitoka, akafungua bomba la tangi hadi mwisho, akasimama mbele yake na panga la kukatia kuni mkononi.

Maji kumwagika chini kiangazi! Waombaji wakasahau Biblia, wakakimbilia ndoo, karai, sufuria, chochote. Syokau alitukana mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyethubutu kulifunga bomba.

Tangi lilipobaki tupu, Mwongeli alifungua madirisha yote, akajifunga leso puani, akalowesha ukuta kwa maji ya sabuni na kuanza kusugua. Kanini alikuwa amelala jikoni kwenye mkeka, na kifua chake hakikulia.

Syokau alisimama mlangoni. "Kesho utateka mtoni peke yako. Na kesho kutwa."

"Nitateka. Bora niwe na mtu wa kumpelekea."

Syokau aliokota pazia lake sakafuni, akaligeuza upande wa nyuma, ulioota manyoya meusi. Akaenda kulitupa kwenye shimo la takataka. Aliporudi alikuwa na brashi, na leso puani.

"Sogea," akasema. "Na usifikirie nimekusamehe."