Miji Niliyompa Asiye na Uso

Mimi sijalala, nasema kabisa sijalala, namsomea bibi kitabu mchana huu wa joto, riwaya ya yule malkia wa Hispania aliyefungiwa ndani ya kasri eti ni kichaa, nasoma Kiingereza namgeuzia Kiswahili, maana tangu nimalize shule kazi yangu ndiyo hiyo, na bibi, ambaye siku hizi hainuki kitandani, kashaniambia, mume wangu, ndivyo anavyoniita mjukuu wake, mimi siendi popote mpaka nijue kama katoka. Basi nafunua ukurasa, na ukurasa unafunguka kama mlango, nami niko barabarani. Barabara yenyewe haiishi. Pembeni kuna miji ya vioo, kila kioo nimo mimi na kitabu changu, na kila kioo kurasa zilizobaki ni chache kuliko hizi nilizoshika. Mbele yangu anatembea mama mmoja hana uso, kiunoni funguo zinalia. Namwamkia, namuuliza malkia kafungiwa wapi. Anasema, kitendawili. Nasema tega, si ndivyo tulivyozoea. Anatega, nikiisha mimi, anaondoka mgonjwa wako. Nasema dawa. Nasema pumzi. Siyo, anasema, umeshindwa, nipe mji. Nampa Toledo, si wangu, na Toledo inazimika, vioo vyote giza. Anatega kilekile. Nampa Granada. Nampa Sevilla. Barabara inafupika, Hispania imeniishia, jiografia yenyewe nilifeli, na yeye kanyoosha mkono, nipe mji, kijana, nipe mji, ulimi unaniteleza nasema chukua Pangani. Kwao bibi.

Anacheka bila mdomo. Jibu ni kitabu, anasema, anafungua mlango, na ndani, kwenye kitanda cha malkia, kalala bibi na khanga yake ileile, anauliza, mume wangu, kwetu umempa nani?

Nashtuka. Joto, feni, kitabu kifuani. Bibi ananitazama, anauliza, katoka? Nataka kusema bado, najikuta nasema, bibi, kwenu wapi? Anapapasa khanga yake, kana kwamba anapatafuta humo. Basi natega mimi, labda nitarudishiwa mji wake, nasema kitendawili, anasema tega, namtegea kilekile. Anafikiri, macho darini, anasema kimemshinda. Nipe mji, bibi, namwambia, nipe Pangani.

Anatabasamu. Nikupe mji gani, mume wangu, na wewe umeshaigawa yote?