Wapake Mafuta

Begi lilikuwa begani na mguu mmoja umeshavuka geti dada yake alipoita kutoka bandani.

"Kaka, hawa kuku wenye magamba yaliyovimba miguuni niwafanyeje?"

Kiguu na Njia, ndivyo mtaa ulivyomwita, hakugeuka. Alikuja kwa siku tatu, akakaa miezi saba. Kila alipofunga begi palizuka jambo: mara bati linavuja, mara dada ana homa. Leo dereva wa lori, swahiba wake wa zamani, alimngoja stendi. Kambi moja ya wajenzi wa barabara, mbali kabisa, ilitaka mpishi, na saa sita lori linang'oa nanga.

"Utitiri huo. Wapake mafuta, watapona," alisema, akashika njia.

Stendi alikuta turubai linafungwa. Dereva alimcheka. "Kumbe leo umekata kamba, mzee? Nilidhani dada yako kakufunga kama mbuzi."

"Washa gari, acha maneno."

Alikuwa kwenye ngazi ya lori simu ilipolia.

"Kaka, kuku hawakanyagi chini. Wanalia tu."

"Umewapaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya taa. Wewe hukusema ya nini."

Yeye alimaanisha mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, ambayo huwaziba pumzi wadudu waliojificha chini ya magamba. Mafuta ya taa huunguza. Na kuku ni kumi na mmoja, na mayai yao ndiyo chumvi na sabuni ya dada yake, mjane mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, asiyeweza kumshika kuku muda wa kutosha kumwosha miguu.

"Panda bwana," dereva alisema. "Kuku ni kuku."

"Neno limetoka kinywani mwangu."

Akashusha begi. Lori likaondoka, naye akabaki anakula vumbi lake.

Nyumbani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni la maji ya vuguvugu mbele yake, mswaki mkuukuu mkononi. Kuku mmoja mmoja alimbana kwapani, akamwosha miguu kwa sabuni, akasugua taratibu bila kubandua gamba, maana gamba likibanduliwa damu hutoka. Akakausha kwa kitambaa, akapaka mgando mpaka katikati ya vidole. Alipoinua mabawa alikuta chawa nao wamejaa tele, akawapulizia jivu. Nyufa za fito za banda zilikuwa nyekundu kwa utitiri mwingine, ule unaonyonya damu kuku wakilala.

"Basi ukimaliza, kesho utapata lori lingine," dada alisema.

"Mayai ya wadudu hawa yataanguliwa. Lazima kurudia kila wiki mpaka magamba ya zamani yadondoke. Miezi miwili, pengine mitatu."

"Mitatu," dada alisema, akainama upesi kuchochea moto.

Alimtazama mgongo. "Dada, umefuga miaka ishirini. Hukujua mafuta ya taa yanaunguza?"

"Wewe ndiye uliyeizunguka dunia. Mimi nimefuata nilivyoambiwa."

Kuku wa saba alitapatapa kwapani, akatulia, akatapatapa tena. Ua ulikuwa hatua kumi na mbili kwa tisa. Alishaupima mara nyingi. Akamkaza kuku, akachovya mswaki.

Kuku wawili walikufa wiki hiyo. Tisa walipona baada ya miezi mitatu, wakarudi kutaga. Banda la fito lilichomwa, akajenga la mabati, na kuku wakafika thelathini. Dereva alimpata mpishi mwingine. Kambi ilivunjwa mwaka uliofuata. Vidole vya dada vilizidi kupinda hata kijiko kikamshinda, kaka yake akawa anampikia. Habari ya mafuta hawakuizungumza tena. Begi lilitumika kuwekea pumba. Mtaani jina la zamani lilisahauliwa, wakamwita Baba Kuku, naye akawa anaitika.