Ruta ya Chumba cha Nyuma

Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, Ndindi angetawazwa kuwa mchungaji kule Kitui, na baba yake, Mzee Kiema, alikuwa amelala chali nyumbani Kaloleni, mguu umefungwa plasta hadi nyongani. Daktari alikuwa amekataza asihamishwe kitandani. Ibada ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, lakini waifai ya sebuleni haikupenya zile kuta nene hadi chumba cha nyuma.

"Hiyo ni ngumu, mathe," alisema Ndung'u, fundi wa mtaa. "Nunua mashine mpya tu." Akaenda zake.

Kavata, mkewe Kiema, alifungua kabati. Alikuwa karani wa manispaa kwa miaka thelathini na mmoja, na mashine zenye kitabu cha maelezo hazikumtisha. Akatoa ruta kuukuu, kile kisanduku cha kusambaza waifai, akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni hadi kando ya kitanda, akauchomeka kwenye tundu la manjano. Papo hapo intaneti ikapotea nyumba nzima.

"Mama Ndindi, sasa umezima hata ile kidogo!" Kiema akalalamika.

Kavata akachomoa waya, akavaa miwani, akasoma kitabu cha maelezo. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja, tena kila moja iling'ang'ania kuzigawia simu namba. Akaiunganisha ile kuukuu na laptopu, akafungua mipangilio yake. Tarakimu ya mwisho ya anwani, iliyokuwa moja, akaifanya mbili. Akazima DHCP, ili kazi ya kugawa namba ibaki kwa ruta ya sebuleni peke yake. Akaipa jina na neno la siri la waifai ya nyumbani, akahifadhi, akarudisha waya pale pale.

Saa nne kasorobo. Taa zikawaka kijani. Kavata akafungua ibada kwenye simu, akaishika mbele ya Kiema. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu kwaya ikalipuka chumbani.

"Ndindi yule! Namwona!" Kiema alipaza sauti, machozi yanamtiririka hadi masikioni kwa vile alivyolala.

Askofu alipomwekea binti yao mikono kichwani, Kavata alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio, Ndung'u akiwa mbele. Akaitazama ile ruta, akamtazama Kavata.

"Mathe, umefanyaje?"

"Ibada ikiisha nitakufundisha," Kavata alisema, akimsogezea kiti. "Keti. Mchungaji wangu anataka kuhubiri."