Shingo ya Jogoo wa Kijivu

"Hivi huyu jogoo mnamfuga wa nini, kama haliwi wala hana mke?"

Jirani wa upande wa bomba ndiye aliyeuliza, siku moja zamani kidogo, ameegemea ukuta na kuchungulia mlango wa stoo. Ndani, Mama Manyoya alikuwa amempakata jogoo mapajani, anamfuta miguu kwa kitambaa cha mafuta, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda ibadani.

"Namfugia shingo," alijibu.

"Shingo!" Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. "Wenzio wanafuga mapaja, wewe unafuga shingo! Haya bibi, Mungu akujaalie mchuzi wa shingo."

Mama Manyoya hakukasirika. Jina lenyewe walimpa kwa kumcheka, likaganda, akaliitikia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nzi. Si nzi wa jalalani. Nzi wa uzi na manyoya, wanaofungwa juu ya ndoano ndogo kuliko ukucha wa mtoto, wakauzwa kwenye duka la vifaa vya uvuvi kule nyuma ya benki. Wanunuzi wenyewe si watu wa kutafuta kitoweo. Ni watu wa maofisini, wanaokwenda mito ya baridi siku za mapumziko. Humdanganya samaki kwa nzi wa uzi, humpiga picha, kisha humrudisha majini.

Jirani alipoelezwa hayo aliacha kucheka. "Basi samaki huyo ana bahati kutuzidi," alisema. "Sisi tukinaswa hatuachiwi."

Kuna nzi wa kuzama na kuna nzi wa kuelea. Wa kuzama ni kazi ya sufu na uzi, mtu yeyote mwenye macho na subira ataiweza. Wa kuelea ni habari nyingine. Huyo husimama juu ya maji kwa ncha za vinywele vya unyoya, na unyoya wenyewe hauwi wa bawa wala wa mkia. Ni wa shingo ya jogoo, mrefu, mwembamba, mkavu, mgumu kidogo kama kope. Zamani manyoya hayo yalikuja dukani kwa pakiti kutoka mbali. Kisha yakaacha kuja, hakuna aliyeeleza kwa nini, na wanawake wote waliokuwa wakifunga nzi kwenye benchi la nyuma ya duka wakarudishwa kwenye nzi wa kuzama. Mama Manyoya aliyekuwa akifunga wa kuelea bila hata kutazama naye akarudi kwenye sufu, akainamisha kichwa kama wengine.

Ndipo mwenye duka alipomwita pembeni. Chama cha wavuvi kilitaka fundi wa kuketi na wanachama kila Jumamosi, awafundishe kufunga nzi wao wenyewe. "Mkono wako naujua," alimwambia. "Niletee shingo moja, moja tu iliyo nzuri, na kiti cha mwalimu, kile cha dirishani, ni chako. Lakini bila shingo utawafundisha nini, mama? Upepo?"

Tangu mumewe azikwe, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe. Alikiombea. Hakuomba kwa sauti, maana aliona haya kumsumbua Mungu kwa habari ya kiti, lakini alikiombea.

Akaanza na yai. Akachagua kifaranga wa kijivu, rangi ya jivu lililonyunyiziwa maji. Alipoanza kuota shingo akamtenga na wenzake wasije wakamdonoa, akampa stoo. Akamtandikia sakafu kavu, akamlisha mtama, na mara kwa mara yai la kuchemsha lililopondwa. Asinyeshewe, asikae juani. Alipopukutisha manyoya ya kwanza yakaja mengine, akasubiri yakomae, kwa sababu unyoya mchanga una damu shinani, na ukimchinja jogoo kabla damu haijakauka umechinja bure. Haya yote alimweleza kijana wake, fundi wa kupaka rangi nyumba, aliyeishi naye pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Kijana alisikiliza huku akikwangua rangi kwenye kucha. Makopo yake ya rangi yalikuwa yanalala nje, chini ya turubai.

Ijumaa moja alfajiri, somo la kwanza likiwa kesho yake, Mama Manyoya aliingia stoo akang'oa unyoya mmoja. Shina lilikuwa jeupe, kavu. Akauzungusha kwenye kidole. Vinywele vikasimama pande zote, vyote sawa, hakuna kilicholala.

"Ameiva," alimwambia mkwewe aliyekuwa anafagia. Akarudia mbele ya kijana, ili isije ikasemwa hakusema. "Leo nikirudi namchinja mwenyewe. Mtu asimguse. Kesho ndiyo siku."

"Sawa, mama," kijana alisema, anakoroga rangi kwa kijiti, hakuinua uso.

Dukani alichukua ndoano, uzi mwembamba na kipande cha nta. Viti vya wageni wa kesho vilikuwa vimeshapangwa. Kile cha dirishani kilikuwa na mto mdogo wa kukalia, na mbele yake meza yenye taa. Mwenye duka alimwashiria akae, ajaribu. Akakaa.

"Mwalimu! Jamani mwalimu amekaa!" wanawake wa benchi walipiga kelele. "Ukishapata cheo usituchape, mwalimu!"

"Nitawachapa kwa unyoya," alisema, na wote wakacheka, naye pia, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Wakamuuliza atamchuna vipi. Akawaonyesha kwa mikono: unaanza chini ya mdomo, unashuka na ngozi polepole kama unavyomvua mtoto shati, unapaka chumvi upande wa ndani, unawamba ubaoni. "Kavu kabisa," alisema. "Tone la maji lisiguse."

Alirudi nyumbani jua limeelekea magharibi, chumvi mkononi. Harufu ilimpokea getini. Kitunguu, nyama, mvuke wa sufuria lililofunikwa vizuri. Alisema moyoni kwamba ni kwa jirani. Alisema hivyo mpaka alipofika mlango wa stoo na kuukuta wazi, na ndani, juu ya sakafu aliyoitandika mwenyewe, makopo ya rangi yamepangwa safi, mfuniko juu, lebo mbele.

Beseni lilikuwa kwenye mtaro wa maji machafu. Bado lilikuwa na joto.

Kama jogoo angekuwa amekufa tu, isingekuwa neno. Alikuwa afe. Siku yake ilikuwa hiyohiyo, na kisu kilekile. Lakini walikuwa wamemtumbukiza katika maji yanayochemka, kama kuku yeyote wa kitoweo, wakamnyonyoa kwa kukamata na kuvuta. Mama Manyoya alipiga magoti, akatia mkono. Manyoya yalikuja yameshikana mabonge mabonge, na vipande vya ngozi, mashina yamepindika. Ile rangi ya jivu ilikuwa imegeuka rangi ya kitambaa cha kudekia. Akayapekua moja moja. Aliyoona yamesalimika kidogo akayafuta na kuyaweka katikati ya leso yake.

Mkwewe alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi.

"Mama. Nilimwambia mwanao. Mama yangu amekuja ghafla, hakutuma hata salamu, na ndani hamna kitu. Nikamwambia tumsubiri mama arudi."

"Maji alichemsha nani?"

"Mimi."

"Ulijua?"

Mkwe alitazama beseni. "Habari ya maji sikujua, mama. Wallahi sikujua. Habari ya kusubiri nilijua."

Mama Manyoya alimshika bega akainuka. Huyu hakuwa na hasira naye. Alinawa, akaingia ndani kumsalimu mgeni, kwa kuwa mgeni hana kosa.

Mgeni alikuwa mama mtu mzima, mcheshi, mjukuu amemlalia kifuani. "Mkwe wangu! Nimekuja kama mvua isiyo na wingu."

"Karibu sana, mkwe. Za huko?"

"Huko kwema. Lakini mapokezi haya! Mtu akija kwenu mara mbili hamtabaki na kuku."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," kijana alisema kutoka kichwani mwa meza. Alikuwa ameshanawa, amevaa shati safi. Mkewe alipoleta sufuria, alimwambia kwa furaha, sauti juu kidogo kuliko ilivyohitajika, "Mpe mama shingo! Tangu mwaka jana wimbo wake ni shingo, shingo. Leo ale ashibe."

Mgeni akacheka, kwa wema, bila kujua anacheka nini. Shingo ikawekwa kwenye sahani ya Mama Manyoya, imejikunja, nyeupe, haina hata kinywele.

Akaitazama.

"Kula, mama," kijana alisema. "Kuku wako mwenyewe, manati ya nini?"

Mama Manyoya aligusa shingo kwa ncha ya kidole.

"Basi nitakununulia wengine. Wawili. Wakubwa, wekundu."

"Nilikuambia asiguswe," alisema Mama Manyoya.

"Uliniambia." Kijana aliweka tonge chini. "Na mimi nilikuambia rangi inaganda huko nje. Ukasema jogoo akinyeshewa ataharibika. Makopo mangapi nimemwaga, mama? Mke wangu alipokuwa na mimba, mayai ya nyumba hii nani aliyakula? Yalichemshwa, yakapondwa, yakapelekwa stoo. Mimi nikauliza, ukaniambia subiri. Subiri nini? Kila kitu humu ndani ni polepole, jogoo amelala."

Hakukuwa na uongo hata neno moja, na Mama Manyoya alilijua hilo. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama vidole vya miguu. Mgeni alimhamisha mtoto bega la pili.

Mama Manyoya alisogeza sahani yake pembeni. Akafungua kisanduku chake, akatoa jiliwa dogo la kubania ndoano, akalifunga kwenye ukingo wa meza, kati ya bakuli na chumvi.

"Mama, tuna mgeni," kijana alisema.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "niletee glasi ya maji. Ijae."

Akabana ndoano. Akaupitisha uzi kwenye nta, akauzungushia ndoano kutoka mbele kurudi nyuma, kila mzunguko umeegemea mwenziwe bila kupandana. Akafungua leso, akachagua unyoya uliokuwa na afadhali, akaushika ncha kwa koleo yake ndogo, akauzungusha. Mikono yake ilikwenda kama inavyokwenda siku zote. Uzi ukivutwa sana hukatika, ukilegea nzi hufumuka, na baina ya hayo mawili kuna mahali padogo ambapo yeye alikuwa ameishi maisha yake. Wote walitazama. Hata mtoto aliamka akatazama. Akakaza fundo la mwisho, akakata, akamwondoa nzi kwenye jiliwa.

Kwanza alitoa kisandukuni nzi wa zamani, wa mwisho wa yale manyoya ya pakiti, ambaye hakuwahi kumuuza. Akamdondosha ndani ya glasi. Nzi akasimama. Alisimama juu ya ngozi ya maji kwa ncha za vinywele, mwepesi, kama aliyetua sasa hivi na ataruka tena.

"Uwii," mgeni alisema kwa sauti ndogo. "Kama mzima!"

Kisha akamdondosha yule mpya.

Naye alisimama. Kwa muda wa pumzi moja alisimama, na Mama Manyoya, aliyejua, hata yeye alijikuta midomo inaomba. Kisha vinywele vya upande mmoja vikalala. Nzi akainama, akalowa, akaanza kushuka.

"Kesho kuna watu wanakuja dukani kunitazama nikifunga huyo," Mama Manyoya alisema, akamwelekezea kidole wa juu.

Mgeni alitazama glasi, akatazama sahani yake iliyobaki mifupa. "Kumbe alikuwa wa kazi?" alimuuliza bintiye. "Mbona hamkuniambia? Mimi ningekula hata chumvi, nikanywa maji, nikalala." Akaisukuma sahani mbali, taratibu, kana kwamba imelala kitu ndani yake.

Kijana alikuwa amemkazia macho yule nzi mpya mpaka akafika chini, akalala ubavu. Aliinua mkono kama anataka kumtoa. Pembezoni mwa ukucha wake kulikuwa na rangi nyeupe iliyokauka, ile isiyotoka kwa sabuni. Akaiona, akaurudisha mkono.

Alisimama, akapita katikati ya mama wawili, paja lake likagusa meza, akatoka. Mlango aliuacha wazi. Maji yakatikisika ndani ya glasi, na yule nzi wa zamani akayumba, akayumba, akaendelea kusimama.