Ufunguo Uko Ndani

Niliiuliza mashine inazijua njia ngapi za kutokea nje, nayo ikanijibu: moja. Iliiandika kwa herufi mbili tu, nyeupe juu ya weusi: lo.

"Hiyo lo inakwenda wapi?" nilimuuliza Fundi kwenye simu.

"Haiendi popote, Bibi. Ni njia ambayo kompyuta hutumia kuongea na nafsi yake."

"Na watu wa nje?"

"Hao bado haiwasikii."

Jirani yangu Mshonaji alikuwa upande wa pili wa meza, anapinda pindo la sketi ya mteja. Alicheka bila kuinua uso. "Basi mmepatana," akasema. "Nawe hujisemea mchana kutwa. Nakusikia kupitia ukutani."

"Mimi nikijisemea, najibiwa na mtu mwenye akili."

Nilicheka naye, lakini utani ule uliniachia mkwaruzo moyoni. Kikongwe anayejisemea peke yake nyumbani: ndivyo wanangu walivyokuwa wameanza kunihesabu. Mwezi uliopita niliteleza bafuni. Mifupa ilisalimika, vilivyovunjika ni kamera ya simu niliyokuwa nimeishika mkononi, na imani ya wanangu. Binti yangu mkubwa ni mkunga, amezoea kutoa amri kwa watu waliolala chali. Alinipa yake: ama anione kwa macho yake kila jioni, kuanzia Jumamosi hii, ama Jumapili apande basi aje anichukue. "Chumba chako nimeshakipaka rangi, Mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Mdogo wake aliniwekea kisanduku cha mtandao sebuleni, akaniletea na kompyuta kuukuu ya ofisini kwao, yenye kamera. Fundi wa mtaani akaitia mfumo mwepesi uitwao Linux, akisema mashine ya kizee isibebeshwe mizigo ya vijana. Dukani kwake iliwaka, akaona basi, kazi imekwisha. Nyumbani kwangu nayo iliwaka vilevile, ikang'aa kama sinia la bibi harusi, ila kisanduku kilichokuwa kinapepesa taa hatua chache kutoka ilipo haikukiona kabisa. Na leo ilikuwa Jumamosi. Fundi alikuwa safarini, harudi hadi Jumatatu.

Sikatai kupendwa. Nakataa kuhamishwa kama kabati.

"Nieleze taratibu," nikamwambia Fundi. "Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Ndani yake kuna kifaa cha kunasia mtandao. Kipo, kizima, ila mashine haijui namna ya kukitumia. Inahitaji dereva."

"Dereva wa nini tena?" Mshonaji akadakia.

"Ni programu ndogo, mama. Hicho kifaa ni kama gari lenye mafuta lakini halina wa kushika usukani."

"Basi huyo dereva aitwe."

"Yuko mtandaoni."

"Na huko mtandaoni mashine itafikaje?"

"Kwa hicho kifaa."

Mshonaji alichomoa sindano kwenye pindo akaitazama, kana kwamba nayo ingeweza kumgeuka.

Mimi nilihisi kitu kama furaha. Shule niliacha nikiwa mdogo, lakini vitendawili sikuviacha, na hiki kilikuwa kimekaa mbele yangu kimekunja miguu. "Nyumba yangu imefungwa," nikasema, "na ufunguo uko ndani."

"Ndiyo hivyo hasa, Bibi. Kwa hiyo subiri Jumatatu."

"Jumatatu utanikuta kwenye chumba kilichopakwa rangi. Hebu niambie, wewe ukifungia ufunguo ndani, hufanyaje?"

"Navunja kitasa."

"Ndiyo maana mkeo hana kitasa kizima. Mimi hutafuta dirisha."

Nilisikia injini ya gari alilopanda, na abiria mmoja akikohoa. Kisha akasema, polepole, "Bibi, waya wa kuchajia simu unao?"

Dirisha lilikuwa mkononi mwangu wakati wote. Simu yangu, kipofu kama ilivyokuwa, ilikuwa imeshaunganishwa na kisanduku cha sebuleni. Ikifungwa kwenye kompyuta kwa waya, itaupitisha mtandao kama mtu anayempa mwenzake maji kupitia nondo za dirisha. Kasoro ilikuwa moja. Tundu la kuchajia lilikuwa limelegea, na waya haukai mpaka ushikiliwe.

"Tukishaweza, si tuendelee hivyohivyo kila siku?" Mshonaji akauliza. "Dereva wa nini?"

"Utakuja kunishikia waya kila jioni?"

Aliweka sketi chini. "Tumtafute dereva."

Tukahamishia mazungumzo kwenye kisimu chake cha vibonye, tukakiegemeza kwenye kopo la sukari na sauti yake tukaifungua yote. Yeye akashika simu yangu kwa mkono mmoja na ncha ya waya kwa mkono mwingine, ameinama kama mtu anayemlisha kifaranga. Nikaiuliza tena mashine njia zake. Safari hii ikaandika lo, na chini yake jina jingine refu, la simu yangu.

"Sasa andika," Fundi akasema. "Herufi ndogo zote. S, u, d, o."

"Sudo. Ndiye nani?"

"Ni kusema: fanya, mimi ndiye mwenye nyumba."

Hiyo niliibonyeza kwa nguvu kuliko nyingine zote.

"Nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Acha nafasi, Bibi, usiandike kitu. Kisha a, p, t."

Tukaenda hivyo, herufi kwa herufi, yeye anasoma huko njiani na mimi natafuta kwa kidole kimoja, mpaka tukafika kwenye jina la dereva mwenyewe, b, c, m, w, l na mkia mrefu wa vistari, jina ambalo hata shetani angeomba lipunguzwe. Nikabonyeza. Mashine ikaniomba neno la siri. Nikaandika, na hakuna kilichotokea. Herufi haikutokea hata moja, wala nukta.

"Imekufa," nikasema.

"Haijafa. Neno la siri haionyeshi. Inakusikia tu. Andika mpaka mwisho."

Basi nikaandika gizani. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kumwambia mtu siri yako naye hatikisi hata ukope. Nilipobonyeza, mistari ikaanza kuteremka kiooni kama mvua, na mstari mmoja ukahesabu asilimia. Dereva alikuwa anakuja.

Hapo ndipo simu yangu ilipoanza kuita.

Ilitetemeka mikononi mwa Mshonaji, na juu ya kioo chake likasimama jina: Mkubwa. Binti yangu. Mshonaji akaibana kwa viganja vyote viwili, waya katikati. "Nifanye nini?" akanong'ona.

Nilijua nikiipokea, mkono wa Mshonaji utacheza, waya utatoka, na mvua ile itakatika. Nilijua pia mtoto wangu, ambaye mwezi mzima hajalala vizuri, atafikiria nini simu ikiita bila kupokelewa. Kila mlio uliniingia kifuani kama mtu anayegonga mlango. Ukakatika. Ukaanza tena.

"Mwache," nikasema.

"Mwenzangu, atadhani umeanguka."

"Mwache. Nimekwambia mimi ndiye mwenye nyumba."

Mshonaji hakulegeza mkono. Asilimia zilipanda kwa madaha ya mtu asiye na mama. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita. Sikuwahi kuacha mwanangu alie hivyo hata alipokuwa wa kunyonya. Nilisimama, nikaketi, nikaishika meza. Hatimaye mistari ikasimama, na ile alama ndogo ikarudi kupepesa, inangoja.

"Zima, uwashe upya," Fundi akasema. "Waya toeni."

Mshonaji aliachia, akakunja na kukunjua vidole. Mashine ikalala, ikaamka. Pembeni juu ya kioo palikuwa na alama ya mtandao, na nilipoifungua nikakutana na jina la kisanduku changu likiwa juu ya majina ya majirani wote. Sikushangilia. Nilifungua haraka ukurasa wa mazungumzo ambao mwanangu alikuwa ameniandalia, nikampigia dada yake.

Uso wake ulijaa kioo chote. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake kitandani palikuwa na begi wazi na nguo zimetupwatupwa ndani, na huyu ni mtu anayekunja hata matambara ya jikoni.

"Nimekupigia, Mama. Umeacha iite."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani ya kukuzuia kupokea simu?"

"Hii unayoiona."

Hakucheka. "Nilikuwa navaa viatu," akasema. "Nilikuwa natoka sasa hivi. Sikujua nitapata gari gani, nilikuwa natoka tu." Akageuza uso pembeni.

Ushindi wangu ukachacha mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kumkabili hakimu, na aliyeketi mbele yangu alikuwa mtoto aliyeita, asiitikiwe.

"Hapo nimekukosea," nikasema. "Kwa simu. Si kwa jingine."

Akajifuta uso kwa kiganja, na nilipomwona anakaa wima nilijua mkunga amerudi kazini. "Geuza hiyo mashine, Mama. Nionyeshe bafu."

"Sigeuzi."

"Nataka kuona kama sakafu ni kavu."

"Ukitaka kuniona, nitazame. Bafu halijazaa mtu."

Mshonaji alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Binti yangu akasogeza uso karibu na kioo. Tulitazamana. Ni kweli, mashine ile inasogeza watu karibu. Niliona mvi kwenye nywele zake ambayo sikuwa na habari nayo.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama, jamani."

"Kitendawili."

Alishusha pumzi. "Tega."

"Nyumba yangu imefungwa, na ufunguo uko ndani."

"Yai."

"Siyo."

"Mimba."

"Umepata harufu, chakula bado."

Alifikiri, akaikunja midomo. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Akatabasamu bila kupenda, na nikaona ujanja unamjia machoni. "Nakupa huu. Mji ninaokaa mimi."

"Nimekwenda," nikaanza, kwa maana aliyepewa mji hana budi kusimulia aliyoyakuta. "Nimekwenda mjini kwako, nikapokewa vizuri. Nikapewa chumba kinachonukia rangi mpya. Asubuhi nikaambiwa nisiinue ndoo. Mchana nikaambiwa nisikaribie jiko. Jioni nikaulizwa kama nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, nimechoka kukaa. Watu wa huko wananipenda sana. Mji wako nimeurudisha. Nipe mwingine."

Uso wake ukatulia kiooni hivi kwamba nilidhani dereva ametoroka. Lakini kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Mwingine sina, Mama."

"Unao."

Alitazama begi, akanitazama mimi. Alipoongea aliongea taratibu, kama anayepima uzito wa kitu kabla ya kukiachia. "Basi nakupa huo wako. Huo uliomo."

"Nimekwenda," nikasema. "Nimekuta wenyeji wawili. Mmoja ana alama ya waya kiganjani na sketi ya mteja haijakwisha. Mwingine..."

Nilisita. Kwenye pembe ya kioo palikuwa na kidirisha kidogo ambacho sikuwa nimekigundua, na ndani yake alikuwemo mwanamke amevaa kitambaa kilichokaa upande, kidevu juu, kama anayebishana na mwenye duka. Sikumjua mara moja. Nilipomjua, nilimpenda.

"Mwingine mkaidi," nikasema. "Na ana njaa. Anataka kuinuka akapike."

"Nenda. Usizime lakini."

"Sizimi."

Nikainuka, nikamwachia kiti kitupu akitazame, naye Mshonaji akaichukua sketi yake akaendelea kupinda pindo mbele ya kamera bila haya.

"Na jibu je?" binti yangu akaita nyuma yangu.

"Kesho jioni," nikamjibu nikiwa jikoni. "Ukiwa hukohuko kwako."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Nilimsikia akijaribu majibu kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akifanya utotoni kila alipokataa kushindwa. Nami nikawasha jiko.